Maswali yenu ya utafiti: kibali, muhogo uliochelewa na deni la mrejesho

Naomba mfano wa andiko la mradi lililopata fedha.
Hapana, na ombi hili limenichosha. Soma tangazo la mfadhili mpaka mwisho. Wengi mnaokataliwa mmejibu asichouliza.

Nina barua ya chuo. Naweza kuanza kuwatoa damu watoto?
Barua inakutambulisha tu, hairuhusu sindano. Utafiti wa afya unahitaji kibali cha maadili; kwa Tanzania Bara, mlango wa kitaifa ni NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Halafu kuna Katibu Tawala wa Mkoa, wilaya, kata, hadi mtendaji wa kijiji. Muda wa kusubiri hayo yote uandike kwenye mpango kazi.

Mradi wetu wa kulinganisha mbegu za muhogo ni wa miezi 12. Mvua zilichelewa na ripoti inadaiwa. Tuvune mapema?
Msithubutu. Muhogo hukaa shambani miezi 9 hadi 12, aina nyingine zaidi. Aliyeandika miezi 12 kwa kazi nzima, manunuzi na kuajiri wadadisi humohumo, alikuwa anamfurahisha mfadhili. Na ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ulioripotiwa Tanganyika tangu miaka ya 1930, ni mjanja: shina laweza kuonekana zima, ukipasua mzizi ndani umeoza. Mkivuna kabla ya wakati, uozo haujajitokeza, mtaisifu mbegu mbovu, na hasara ataila mkulima. Mwandikieni mfadhili leo, muombe nyongeza ya muda bila fedha za ziada. Mwambieni mvua zilianza lini, mlipanda lini, mtavuna lini. Kinachowaudhi wafadhili ni kimya cha hadi siku ya mwisho.

Fedha zimekwisha. Mrejesho wa matokeo kijijini ni lazima?
Za warsha ya hotelini zilipatikana, sivyo? Mrejesho huwekwa kwenye bajeti siku andiko linapoandikwa. Kwa sasa, ombeni ajenda kwenye mkutano mkuu wa kijiji; hauhitaji ukumbi wala projekta. Nendeni na mizizi, mmoja mzima na mmoja mbovu, mpasue mbele ya watu. Semeni "katika mashina kumi, matatu mizizi yake imeoza", asilimia ziacheni kwenye ripoti. Ambaye shamba lake lilishindwa naye aelezwe kwa nini. Ila msigawe pingili za mbegu ambayo TOSCI, taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu, haijaidhinisha, hata wakiwabembeleza.

Wahojiwa walipwe?
Nauli na fidia ya muda, sawa kwa wote, kwa kiwango kilichopitishwa na kamati ya maadili. Mwenyekiti wa kitongoji asiongezewe pembeni.