Re: Mshirika aliyepotea miaka mitatu amerudi, alipe michango ya nyuma?

Mkuu mleta mada, umeuliza kama mvuvi aliyekaa visiwani miaka mitatu bila kufika ibadani alipe kwanza michango anayodaiwa ndipo ahesabiwe mshirika. Asilipe. Mtu akirudi akakuta deni la jengo na la harambee limeandikwa kwenye jina lake, Jumapili inayofuata humwoni. Mpeni bahasha mpya ya michango kuanzia mwezi huu, ya nyuma yafutwe.

Ila kwanza mjue mnampokea nani. Aliyepoa tu, kwa sababu ya kazi, msiba au kugombana na wanakwaya wenzake, hana la kuungama mbele ya usharika. Aliyetengwa, tuseme kwa kuoa mke wa pili, ana utaratibu wake: kwa Walutheri anamwona mzee wa kanisa, anafika kwa mchungaji, anafundishwa, kisha anarudishwa kundini. Kwa Wakatoliki jumuiya inamsaidia kufika kwa paroko, suala la ndoa linatazamwa, ndipo kitubio. Wazee wengi huharibu hapa, wanamsimamisha aliyepoa kama vile alitengwa. Na hata kwa aliyetengwa, Paulo kwenye 2 Wakorintho 2 anasema adhabu ile imetosha, sasa msameheni na kumfariji asije akamezwa na huzuni. Wanaotaka mtu akalie benchi la nyuma miezi sita wausome mlango huo taratibu.

Kuhusu kumtembelea, angalieni mwezi. Wavuvi wa dagaa wanategemea giza. Mbalamwezi ikikolea taa hazivuti dagaa, kwa hiyo wengi hupumzika siku kadhaa. Hizo ndizo siku za kwenda vijiji vya wavuvi kama Igombe au Kayenze, huko Mwanza. Nendeni wawili, mmoja awe rika lake. Ujumbe wa watu wanane unafanana na baraza la usuluhishi, na mke wake ataanza kuhangaika viti na chai vitatoka wapi. Nusu saa inatosha, mkiomba pamoja muondoke. Daftari la mahudhurio libaki ofisini.

Jumapili yenyewe, hatari iko mlangoni. "Eeh, leo mvua itanyesha!" Anayesema hivyo amefurahi kweli, lakini aliyejikaza wiki nzima ndipo aje anasikia kasutwa mbele za watu. Ongeeni mapema na wahudumu wa mlango: salamu ya kawaida, karibu, kiti, kitabu cha nyimbo. Wakati wa matangazo asisimamishwe na wageni, labda aombe mwenyewe. Ibada ikiisha, mtu mmoja atoke naye hadi barabarani.

Giza likirudi naye atarudi kambini, na hilo msilihesabu kuwa amepotea tena. Chukueni namba yake ya simu, muulizeni yuko mwalo gani, yaani anashushia samaki wapi, kisha mtafute mwinjilisti au mwenyekiti wa jumuiya wa huko mumpigie kabla hajapanda mtumbwi.