Nilivaa koti la suti kwenye joto la Mombasa nikidhani nitapandishwa klasi

Nianze na aibu yangu. Miaka ya nyuma kuna mtu alinidanganya ati ukivaa vizuri wale wa kaunta ya ndege wanakupeleka bizinesi, vile viti vya mbele vya bei kubwa, bure, basi siku hiyo nkatoka Magongo na tuktuk nimepiga koti la suti, mwezi wa pili huo, kufika eapoti ya Moi shati imegandana na mgongo. Nkapewa kiti cha katikati karibu na choo.

Kazi yangu ni kutoa mizigo bandarini, kwa hivyo Nairobi ni kama kwenda sokoni Kongowea, na mara mojamoja nje. Treni ya SGR ni rahisi kweli lakini mteja akitaka kukuona asubuhi na mapema ufanyeje. Hivyo ndivyo nilivyoipata kadi ya silva, ile shirika la ndege linampa mteja anayeruka sana, na hapo ndipo nikaanza kuelewa huu mchezo.

Kupandishwa bure mara nyingi hutokea wakiwa wameuza tiketi za ikonomi, yaani klasi ya kawaida, nyingi kuliko viti, maana wanajua kuna watu hawatokei, sasa siku wote mkitokea lazima wengine wasukumwe mbele. Na anayesukumwa hachaguliwi kwa sura, kuna orodha kwenye kompyuta: kwanza daraja la kadi, halafu ile herufi ya nauli kwenye tiketi yako. Iangalie. Y kwa mashirika mengi ni ikonomi ya bei kamili, hizi zetu za ofa zina herufi nyengine na ziko chini kabisa.

Sasa haki iko wapi? Mimi sigombani na madaraja, biashara ni biashara. Kinachoniuma ni hesabu. American Airlines walipoanzisha mpango wao wa kuwazawadia wanaoruka sana 1981, hesabu ilikuwa maili, yaani pointi za kupatia tiketi, kwa umbali ulioruka. 2015 Delta na United wakageuza, maili zako zikawa zinahesabiwa kwa dola ulizolipa, na wengi wakafuata. Yaani mimi ninayenunua tiketi mapema kwa pesa ya mfukoni nikaruka mara ishirini, ananipita mtu ambaye kampuni imemlipia tiketi ya jana kwa bei ya kuua, na yeye karuka mara saba tu. Halafu kanuni zenyewe zinabadilishwa katikati ya safari, mimi nilibakisha tripu mbili nifike goldi, daraja la juu ya silva, nikaletewa imeli ya "tunaboresha huduma" na goldi ikasogezwa mbele huko. Hiyo mimi naiita dhulma, hata kama ipo kwenye masharti.

Lakini iliyonifunza zaidi ni ya umra na mamangu. Tulikuwa tunabadilisha ndege, yule dada wa kaunta akachukua bodingi pasi yangu akaichana akanipa mpya, hongera, uko bizinesi. Mama yuko nyuma yangu ameshika kikapu chake. Nkamwambia mpe mama. Haiwezekani, inafuata jina lenye kadi. Nkamwambia basi nirudishie changu, akanitizama kama nimerukwa na akili, lakini akanirudishia. Tuko hewani mama ananiuliza, "Kwani wale wa mbele watafika kabla yetu?"

Kwa hivyo ukiniuliza mimi: weka namba yako ya uanachama wakati wa kubuku, na bodingi pasi usitupe mpaka uone maili zimeingia, mimi nshapoteza tripu nzima ya Dubai kwa kutupa karatasi. Ukiwa na mzee au mke, mbuku pamoja, buking moja. Usinunue safari usiyoihitaji kwa ajili ya kufukuzia kadi, wallahi hiyo hesabu hairudi. Na kama unataka kweli kulala njiani, uliza kaunta kulipia kiti cha mbele siku ile ile ni ngapi, saa nyengine bei inashuka kuliko ulivyofikiria, saa nyengine ni kichekesho. Maili pia zina mwisho, kuna mashirika baada ya miaka 3 zimekwenda, kwa hivyo zitumie.

Kuna mashirika yana akaunti ya familia, maili zenu zinaingia chungu kimoja ingawa daraja kila mtu na lake. Mama nshamuandikisha, nkamprintia na kadi yake. Ameifunga kwenye pindo la leso pamoja na funguo za kabati.