Barkodi ni ya kifurushi, ISRC ni ya rekodi

Tuseme msanii ameachia singo mwezi Machi. Septemba ngoma ileile inaingia kwenye albamu, na ghafla ukurasa wake una nyimbo mbili zenye jina moja: moja imesikilizwa mara laki nne, nyingine mara mia mbili. Hakuna aliyemdukua. Aliyejaza fomu ya albamu aliacha wazi kisanduku cha ISRC, yaani msimbo unaoitambulisha rekodi moja ya sauti au video, na mfumo wa msambazaji, anayepeleka nyimbo kwenye majukwaa, ukatoa msimbo mpya kwa rekodi iliyokuwa na wake tayari.

Kosa hili linatokana na kuchanganya vitu viwili. Barkodi ni ya kifurushi kizima. Singo ina yake, albamu ina yake, na albamu hiyohiyo ikiongezwa nyimbo mbili inahitaji nyingine. CD na santuri nazo kila moja na barkodi yake, hata kama nyimbo ni zilezile. ISRC ni ya rekodi moja, na inaifuata rekodi hiyo kila inakokwenda: singo, albamu, mkusanyiko wa lebo nyingine, hata haki zikiuzwa kwa mtu mwingine. Kwa hiyo ngoma ikihama kutoka singo kwenda albamu, barkodi inabadilika, ISRC haibadiliki.

Barkodi huja kwa sura mbili. UPC ina tarakimu 12, EAN ina 13. Ukiweka sifuri mbele ya UPC unapata EAN, na bado ni namba ileile, usiihesabu mara mbili. GS1 ni shirika linalotoa namba za barkodi: zinazoanza na 620 zimetolewa kupitia GS1 Tanzania, 616 kupitia GS1 Kenya. Hiyo inaonyesha mwenye namba alijisajili wapi tu, haisemi CD ilichapwa wapi wala msanii ni wa nchi gani.

ISRC ina herufi na tarakimu 12. Chukua mfano wa kubuni, TZ-A1B-25-00014. Tano za mwanzo ni kiambishi cha aliyesajiliwa kutoa misimbo, 25 ni mwaka, tano za mwisho ni namba ya mfululizo. Mwaka huo ni wa kutoa msimbo, si wa kurekodi: wimbo wa 1978 uliopewa msimbo 2025 utasomeka 25, na ni sahihi. Vistari ni vya kurahisisha macho, kwenye fomu viondoe. Tarakimu saba za mwisho haziwezi kuwa na herufi, kwa hiyo ukikuta O pale, ni sifuri iliyokosewa. Na ukiona msimbo wako unaanza na QZ au QM usishtuke. Hivyo ni viambishi vilivyotengwa kwa Marekani, na wasambazaji wengi wanavitumia. Herufi hizo hazimpi mtu yeyote umiliki wa wimbo wako.

Ni lini basi rekodi inahitaji ISRC mpya? Rimiksi, toleo la jukwaani, akapela, biti tupu, toleo lililofupishwa kwa redio, toleo lililofutwa matusi: kila moja msimbo wake. Video nayo ina wake, tofauti na wa sauti. Kugeuza WAV kuwa MP3 hakuhitaji msimbo mpya, wala kubadilisha picha ya jalada. Penye utata ni masta mpya, yaani rekodi ileile iliyopitishwa tena kwa fundi kung'arishwa sauti. Kama fundi amesawazisha sauti tu ili ifae CD, acha msimbo wa zamani. Kama amefanya kazi ya ubunifu iliyobadilisha rekodi, toa mpya. Na msimbo uliokwisha kutumika usipewe rekodi nyingine kamwe, hata kama ya kwanza imeshaondolewa sokoni.

Kuna msimbo wa tatu ambao msambazaji hakupi: ISWC, wa utunzi wenyewe, yaani maneno na melodi. Unaanza na T, unafuatiwa na tarakimu tisa na moja ya kuhakiki. Wimbo mmoja ukiimbwa na wasanii watatu, ISWC ni moja, ISRC ni tatu. Hupatikana watunzi wanaposajili kazi kwenye chama chao cha hakimiliki pamoja na mgawanyo wa asilimia. Anayedhani kupewa ISRC ni kusajili utunzi anaacha fungu la mtunzi likielea.

Adui mkubwa wa kazi hii ni Excel. Ukibandika UPC inayoanza na sifuri, sifuri inamezwa, unabaki na tarakimu 11. EAN nayo inaweza kugeuka kitu kama 6.20123E+12. Kabla ya kubandika chochote, teua safu nzima na uiweke kuwa maandishi. Ukishachelewa, kubadili aina ya safu hakurudishi sifuri iliyopotea.

Tarakimu ya mwisho ya barkodi ni ya kuhakiki, na unaweza kuikagua kwa kalamu. Chukua 620123456789, mfano tu. Jumlisha zilizo nafasi ya 1, 3, 5, 7, 9 na 11: unapata 26. Jumlisha zilizobaki: 27, zidisha kwa 3, ni 81. Jumla kuu 107. Ili kufika 110 inapungua 3, basi EAN kamili ni 6201234567893.

Ukihama msambazaji, pakua kwanza orodha ya misimbo yako yote kabla akaunti ya zamani haijafungwa. Kisha pandisha faili lilelile la WAV, ISRC ileile, jina lenye tahajia ileile, wasanii walioshirikishwa kwa mpangilio uleule, na tarehe ya kwanza ya kutoka. Barkodi ya zamani wengine wanaikubali, wengine wanaikataa, uliza mapema. Subiri toleo jipya lionekane kwenye majukwaa ndipo uombe la zamani liondolewe. Ukianza kuondoa, wimbo unatoka kwenye pleilisti na hakuna wa kuurudisha.

Kwa wanaochapa CD: EAN kwa kipimo cha kawaida ina upana wa milimita 37.29 na urefu wa 25.93, pamoja na nafasi tupu za pembeni. Unaweza kuipunguza hadi asilimia 80, si chini ya hapo. Wabunifu wa majalada hupenda kuzila zile nafasi tupu, na mashine inashindwa kujua mistari inaanzia wapi. Mistari myekundu kwenye karatasi nyeupe inapendeza, lakini kwa mashine inayosoma kwa mwanga mwekundu ni karatasi tupu.