Wasomaji Wanauliza: Chai ya Mpimaji wa Korosho

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mkulima wa korosho wilayani Newala. Kila msimu nikipeleka magunia kwenye chama chetu cha msingi cha ushirika, mpimaji huomba "ya chai", na asiyetoa huambiwa korosho zake ni mbichi au hushushwa daraja la pili. Msimu huu nimekusudia kutotoa, lakini wenzangu wananicheka. Je, mmoja akikataa, kitabadilika nini?

JIBU: Ndugu msomaji, ukikataa peke yako, mpimaji atamgeukia aliye nyuma yako kwenye foleni, hilo tusilifiche. Hata hivyo, kifungu cha 15 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinamtia hatiani mtoaji sawa na mpokeaji. Ahadi ya mwanachama wa TANU nayo ilisema "sitapokea wala kutoa rushwa", ingawa siku hizi tunapolalamika huwa tunalikumbuka neno la kwanza na kulisahau la pili.

Mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao mkulima huweka mazao ghalani kupitia chama chake na kupewa stakabadhi, ulioanza kutumika kwenye korosho mkoani Mtwara mwaka 2007, ulikusudiwa kumwokoa mkulima na kangomba, yaani yule mlanguzi aliyenunua kwa bakuli na kwa bei aipendayo. Uliipeleka bei mnadani, ikawa inatangazwa hadharani, lakini mizani ikabaki mikononi mwa mtu mmoja, na kwa maoni yangu rushwa ilihama tu kutoka kwenye bei ikaingia kwenye mizani. Hiyo si sababu ya kuubeza mfumo wote. Ni dalili ya mahali pa kuziba sasa.

Chombo cha kuzibia mnacho, nacho ni mkutano mkuu wa wanachama, ambao ndio unaoichagua bodi na unaoweza kuiondoa. Tafuta wenzako watatu au wanne, mpeleke hoja kwamba unyevu upimwe kwa kifaa mbele ya mwenye mzigo, na kwamba uzito na daraja viandikwe kwenye risiti kabla gunia halijaondolewa mizanini, kisha mhakikishe hoja hiyo imeingia kwenye muhtasari. Pengine mwaka wa kwanza itakataliwa. Irudisheni mwaka unaofuata, na uchaguzi wa bodi ukifika muulizeni kila mgombea anasimama upande gani. Endapo mpimaji atakudai kabla ya hapo, usilipe kwanza ndipo ulalamike: piga 113, simu ya bure ya TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, ukijua kwamba ipo sheria ya mwaka 2015 inayomlinda mtoa taarifa.

Ama hao wanaokucheka, waulize jambo moja. Korosho mbichi zilizopita kwa chai huchanganywa ghalani na zenu zilizokauka vizuri, na mnunuzi huupangia bei mzigo mzima; je, wamewahi kupiga hesabu ya kiasi ambacho kila kilo yao imepunguzwa?