Uliza Fundi: Kofia imeshuka mpaka puani

Toka Juni iingie barua za kufuma zimekuwa nyingi kuliko za cherehani, na inaeleweka, Njombe na Makete saa hizi baridi haina mchezo na wenzetu wa Limuru na Kinangop nao ndio hivyo hivyo. Wengi mnaoandika ndio kwanza mmeshika sindano na mnafumia watu wa nyumbani. Nimechukua barua nne.

Shikamoo fundi. Nimejifunza kufuma kwa video za YouTube, nikasema nimfumie mume wangu kofia ya sapraizi. Video ilisema vitanzi 110 sindano ya milimita 4, dukani sikukuta ya 4 nikachukua ya 5 nikaona si tofauti kubwa. Nimefuma wiki mbili, kuja kumvalisha imeshuka mpaka puani na watoto wanacheka. Yeye kasema ataivaa hivyo hivyo lakini mimi roho inaniuma. Nifanyeje? – Mama Wawili, Makambako

Marahaba mwanangu, na hongera, maana kumaliza kofia ya kwanza sio kazi ndogo, wengi wanaishia kwenye ukingo tu uzi unatupwa juu ya kabati. Kofia yako haina kosa la mkono, ina kosa la hesabu. Aliyetoa ile video alihesabu kwa uzi wake na sindano yake na mkono wake, kwa uzi wa unene wa kati na sindano ya 4 watu wengi wanapata kama vitanzi 22 kwenye sentimita 10, sasa 110 inakupa mzunguko wa sentimita 50 ambao ni sawa kabisa kwa mtu mzima. Wewe umeweka sindano ya 5 vitanzi vikawa vikubwa, tuseme unapata 18 kwenye sentimita 10, vitanzi vile vile 110 vinakuwa sentimita 61, na hapo hata kichwa kikubwa kinapwaya.

Kwa hiyo kabla ya kofia yoyote fuma kipande cha majaribio, kiwe kikubwa kuzidi sentimita 10 kila upande, kiloweshe, kianike kikauke, ndio uweke futi katikati uhesabu vitanzi. Usihesabie pembeni maana pembeni panadanganya. Najua kipande kinachosha na unaona kama unapoteza uzi, ila hupotezi, ukimaliza unakifumua unaendelea nacho.

La pili, na hili nalisisitiza kwa kila mtu anayefumia familia: pima kichwa. Chukua futi ya fundi izungushe juu kidogo ya nyusi na masikio. Watu wazima wengi wapo kati ya 54 na 58, mtoto wa mwaka mmoja kama 46, mchanga aliyezaliwa juzi kama 35, lakini hizo ni za kukuongoza tu, kichwa chenyewe ndio kipimo. Mambo ya sapraizi yaacheni jamani, mume akijua anafumiwa kofia hapungukiwi na kitu, na ikimkaa ataivaa mpaka ichakae. Ukishapata namba toa sentimita 4 au 5 kwa mtu mzima kwa sababu kufuma kunavutika, kofia ikilingana na kichwa kabisa inalegea ndani ya wiki. Mumeo akiwa na 57, kofia iwe kama 52, zidisha kwa vitanzi vyako 18 gawanya kwa 10 unapata kama 94, na ukingo wa mbilimbili, yaani vitanzi viwili kwa mbele viwili kwa nyuma, unataka namba inayogawanyika kwa 4, basi anza na 92.

Hiyo ya zamani ifumue. Usiikate wala usiibane na lastiki. Zungushia uzi kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu tatu nne, uloweke kwenye maji ya vuguvugu uanike ujinyooshe, kisha uanze upya. Uzi ule ule unatosha na utabaki.

Fundi mambo. Nilianza na vitanzi 80 sasa nina 93 na sijaongeza hata kimoja, halafu kuna vitundu vitundu. – Msomaji, Mafinga

Poa sana. Ukianza mstari, uzi unauvuta juu ya sindano kwenda nyuma, kitanzi cha kwanza kinafunguka kinaonekana viwili na wewe unafuma vyote. Uzi ushushe chini ya sindano kwanza. Hivyo vitundu ni vya kwenye ukingo, ukitoka kufuma kwa nyuma kwenda kwa mbele unasahau kurudisha uzi upande wa pili, unajizungusha juu ya sindano na mstari unaofuata unageuka kitanzi. Ukikigundua mapema kiangushe tu, hakifumuki kwenda popote. Hesabu vitanzi kila ukimaliza mstari mpaka mkono uzoee.

Habari fundi, niko Göteborg huku Sweden. Nilimfumia mwanangu kofia na glovu za sufu tupu, ghali kweli, shemeji yako akatia zote kwenye mashine na nguo zingine maji ya moto. Zimetoka ndogo ngumu kama kapeti. Zinarudi? – Mama Junior

Pole sana mdogo wangu. Hazirudi. Unywele wa sufu una magamba madogo madogo, ukichanganya maji ya moto, sabuni na kusukwasukwa kwa mashine yale magamba yanashikana na hayaachiani tena. Unaweza kuloweka kwenye maji ya vuguvugu na kondishena ya nywele ukavuta taratibu, utapata kidogo tu. Kofia mpe mtoto mdogo zaidi. Glovu kama mkono bado unaingia usizitupe kabisa, kwa sababu sufu ikishikana hivyo upepo haupiti, na hapo hapo ulipo watu toka zamani wanafuma glovu kubwa makusudi kisha wanazisugua kwenye maji ya moto na sabuni zifikie hali hiyo. Mara nyingine osha kwa mkono maji baridi, usikamue, viringisha kwenye taulo ukandamize, anika kwa kulaza. Au tafuta uzi ambao lebo imeandikwa unaingia mashine. Akriliki haishikani lakini usiipige pasi ya moto, inalala na haiamki.

Fundi shikamoo. Namfumia mjukuu wangu wa miezi miwili na kaka yake wa miaka minne. Glovu za mkubwa zimetoka zote mbili za mkono wa kulia! Za mdogo nataka nizifunge kamba ndefu ipite shingoni zisipotee, na kofia alale nayo. Nimekosea wapi? – Bibi Mpya, Limuru

Marahaba, na hongera kwa mjukuu. Naanza na mdogo. Hiyo kamba ya shingoni usiiweke kabisa, hata fupi, inaweza kumkaba na mtoto wa umri huo hawezi kujinasua. Kofia avae mkitoka nje kwenye baridi, ndani akilala ivuliwe, mchanga anapunguza joto sana kwa kichwa na kofia inaweza kumzidishia joto au kuteleza ikamfunika uso, isipokuwa kama daktari amesema avalishwe, mfano aliyezaliwa kabla ya siku. Glovu zake hazihitaji kidole gumba, fuma kimfuko tu chenye ukingo unaobana taratibu bila kumwachia alama. Kisha zigeuze nje ndani ukague, nyuzi zote zishonewe na mikia ikatwe fupi, maana uzi mmoja uliolegea humo unaweza kujisokota kwenye kidole chake ukazuia damu na kwa nje hamtaona kitu. Akilia bila sababu vueni glovu kwanza muangalie vidole.

Za mkubwa zinaokoka. Kama kidole gumba kimekaa pembeni kabisa, geuza moja, mgongo uwe kiganja, imekuwa ya kushoto bila kufumua. Kama gumba liko upande wa kiganja, geuza moja nje ndani, na yenyewe inakuwa ya kushoto. Ukiwa umefuma kwa mbele mistari yote basi pande zote mbili zinafanana na hakuna atakayejua, kazi ni kuihamishia ile mikia ya nyuzi upande wa pili tu. Ila kama ni lile fumo laini kwa nje, mstari mmoja kwa mbele mmoja kwa nyuma, upande wa ndani utaonekana, hapo afadhali fuma nyingine mbili za kushoto uwe na jozi mbili, kwa mtoto wa miaka minne ya akiba itahitajika kabla Julai haijaisha.