Tovuti au ukurasa tu? Kuhusu kuuza mikoba mtandaoni

Umeuliza kama ujenge tovuti kwanza au uanze na ukurasa tu wa mtandao wa kijamii wa kuuzia mikoba. Mi nakwambia anza na ukurasa, tovuti itakuja wateja wakishakuwepo, maana wengi wanamalizia mtaji kwenye tovuti halafu hawana hata mzigo wa kuuza. Chukua aina mbili tatu tu, piga picha mchana karibu na dirisha, onyesha ndani, zipu, mishono, na mkoba ukiwa begani ili mtu ajue ukubwa wake, na bei weka wazi bana, hii ya "njoo inboksi" inafukuza watu.

Halafu kaa chini upige hesabu: bei ya kununulia, mfuko wa kufungia, usafiri, makato ya malipo, na ile mikoba itakayorudishwa, ukishatoa vyote ndo unaona faida, sio ile hela inayoingia kwenye simu ukadhani yote yako. Hiyo biashara ifungulie akaunti yake kabisa, usichanganye na hela zako. Matangazo ya kulipia subiri kwanza, ukija kulipia basi lipia posti ambayo tayari imekuletea oda. Na mteja akishapokea mzigo mcheki baada ya siku chache, muulize mkoba ukoje, akiusifia mwombe picha uiposti.