Betri ya sola inakufa kabla ya mwaka, tatizo ni chaji

SWALI: Fundi shikamoo. Nina kibanda cha kinyozi huku Kilwa Masoko, natumia sola ya wati 100 na betri ya jeli ya Ah 100 (ampea-saa, yaani ukubwa wa betri). Mashine mbili za kunyolea, tv, taa nne, vyote vinapita kwenye inveta niliyofunga moja kwa moja kwenye betri. Mwanzo ilikuwa safi kabisa, baada ya miezi kama minne ikaanza kukata saa mbili usiku, nikawa kila Jumamosi naipeleka kwa fundi wa magari anaichaji fasta masaa mawili narudi nayo. Sasa hivi ina miezi tisa na imevimba ubavuni. Hii ni ya pili. Je, niwe nachajije? Na nikinunua mpya naweza kuiunga na hii ya zamani zisaidiane?
Msomaji, Kilwa Masoko

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana, betri mbili si hela ndogo kwa mtu wa kibanda. Nimekaa nikapiga hesabu yako na naona betri haikuwa mbovu, ilikuwa na njaa siku zote afu Jumamosi inalishwa kwa nguvu.

Tuanze na njaa. Tv ya wati 40 masaa sita ni 240, mashine zako tuseme 120, taa 110, jumla karibu wati-saa 470 na inveta nayo inakula yake, kwahiyo unavuka 500 kwa siku. Paneli ya wati 100 jua likiwa zuri, ukitoa joto, vumbi na upotevu wa waya, inakupa kama 350. Yaani kila siku unatoa kuliko unachorudisha, na betri ya risasi (ya jeli kama yako na ya maji zote ni za risasi) ikikaa bila kujaa kwa wiki nyingi inafanya chumvi ngumu kwenye sahani zake ndani, ile chumvi ikishakomaa hata uchaji vipi haitoki yote, ndo maana ikaanza kukata mapema.

Sasa Jumamosi. Betri za sola haziko kama za gari, hazijaziki kwa haraka. Ikifika kama asilimia 80 inaanza kupokea polepole na hapo inataka volti itulie sehemu moja masaa kadhaa mpaka ijae, masaa mawili hayatoshi hata kidogo. Afu chaja nyingi za gereji hazina akili ya kujizuia, zinasukuma mpaka volti 15 na zaidi. Betri ya maji inaweza kuvumilia kiasi maana ikichemka unaongeza maji ya betri, lakini jeli ikichemka gesi inaacha mapovu ndani ya ile jeli na mapovu hayaondoki, na haina mfuniko wa kuongezea kitu. Kuvimba ndo huko.

Kwahiyo kabla hujauliza chaja gani, soma ubavuni mwa betri. Jeli nyingi zinataka volti 14.1 au 14.2 wakati wa kujaza, wengine wanaruhusu 14.4, afu ikishajaa ishikiliwe kwenye 13.5 hadi 13.8. Ya maji inataka 14.4 hadi 14.8. Kwenye kontrola yako, kile kifaa cha kati ya paneli na betri kinachosimamia chaji, kuna sehemu ya kuchagua aina ya betri, watu wengi wanafungiwa na fundi anaiacha kama ilivyotoka dukani, nakuomba kaiangalie leo hii. Na ukifunga upya anza na waya wa betri kwenye kontrola, paneli ifuate, ili ijue kwanza ni betri ya volti ngapi.

Kwa kazi yako ongeza paneli nyingine ya wati 100, kontrola ya ampea 20 inazibeba zote mbili, na chaji itakayoingia ni ampea kumi na kidogo, ndo kiasi kizuri kwa Ah 100 (asilimia 10 hadi 20 ya ukubwa wa betri). Masika ikiingia, tv pumzisha. Chaja ya umeme si dhambi, ila iwe ile yenye kuchagua jeli na uiache usiku kucha.

Kuhusu inveta, kuifunga kwenye betri ni sawa, weka fyuzi, lakini nyingi zinakata betri ikishafika volti 10.5 na hapo umeshaikausha. Nunua mita ndogo ya volti uibandike ukutani. Asubuhi kabla jua halijapiga paneli na hujawasha kitu, ukiona 12.2 ujue umekula nusu, usishuke zaidi ya hapo.

Kuunga mpya na ya zamani, hapana mwanangu. Ile mbovu itakuwa inainyonya mpya usiku kucha na zote zitafuatana. Iliyovimba usiichaji tena kabisa, iuze kwa wanunuzi wa betri chakavu, na usikubali vijana waivunje hapo nyumbani watoe risasi ya kuyeyusha chubwi za nyavu, ule moshi na vumbi lake ni sumu, na watoto ndo inaowaumiza zaidi.